Waliopanua mlango wa mtoano walituulia Septemba

Oktoba ikikaribia, mashabiki wa besiboli huanza kubishana ni msimu upi ulikuwa mtamu kuliko yote. Mimi sina haja ya kufikiri mara mbili: ni 2011. St. Louis Cardinals walitoka shimoni wakabeba ubingwa, sawa, lakini hilo peke yake lisingetosha. Utamu wenyewe ulitokana na kanuni za mwaka ule. Timu nne zilifika siku ya mwisho ya ligi zikigombea nafasi mbili, na mbili kati yao zilikuwa lazima zifungashe virago. Mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa, na kwa mtazamo wangu besiboli ilijipunja yenyewe.

Kwa asiyefuatilia sana: ligi kuu ya Marekani ina timu 30, zimegawanywa katika ligi mbili, ya Amerika na ya Taifa. Kila timu inacheza mechi 162, karibu kila siku, hadi mwisho wa Septemba. Mwaka 2011 kila ligi ilipeleka timu nne kwenye mtoano: vinara wa kanda zake tatu, na timu moja tu iliyofanya vizuri zaidi kati ya zilizobaki. Moja tu. Hiyo ndiyo nafasi iliyotoa watu roho.

Wiki ya mwisho ya Agosti, Cardinals walikuwa nyuma ya Atlanta Braves kwa mechi kumi na nusu (nusu hutokea timu moja ikiwa imecheza mechi moja zaidi ya nyingine). Kwenye besiboli pengo hilo huzibwa taratibu mno, na mechi zilizobaki zilikuwa thelathini na kitu. Mrushaji wao tegemeo, Adam Wainwright, alikuwa nje msimu mzima baada ya kupasuliwa kiwiko. Kocha Tony La Russa hakuwa na cha kupoteza. Wakaanza kushinda. Katika mechi 32 za mwisho walishinda 23, huku Atlanta wakiporomoka wenyewe bila kusukumwa na mtu.

Kwenye ligi ya Amerika hali ilikuwa mbaya zaidi, hasa kwa watu wa Boston. Mwanzoni mwa Septemba Red Sox walikuwa mbele ya Tampa Bay Rays kwa mechi tisa. Wakashinda saba tu mwezi mzima, wakapoteza 20. Baadaye magazeti ya Boston yaliandika kwamba baadhi ya warushaji walikuwa wakila kuku wa kukaanga na kunywa bia chumbani huku mechi ikiendelea uwanjani. Watu waliikamata habari hiyo kama kwamba kuku ndiye aliyefungisha. Mimi naona warushaji walikuwa wamechoka, basi. Timu inayoshinda ikila kuku tunasema ina umoja.

Jumatano, Septemba 28, siku ya mwisho ya ligi. Timu zote nne ziko sare, kila mbili kwa nafasi moja. Cardinals walimaliza kazi yao mapema kule Houston, 8–0. Chris Carpenter alirusha mechi nzima peke yake, akaruhusu mapigo mawili tu. Kisha wakakaa kwenye televisheni kuitazama Atlanta. Braves walikuwa wanaongoza Philadelphia Phillies 3–2 ngwe ya tisa, ile ya mwisho (katika kila ngwe kila timu hupata zamu yake ya kupiga), na mpira ulikuwa mkononi mwa Craig Kimbrel, kijana aliyekuwa ameingia mwishoni na kuulinda ushindi wa timu yake mara 46 mwaka ule. Phillies wakasawazisha. Ngoma ikaenda mpaka ngwe ya 13, Hunter Pence akapiga mpira ulioleta bao la nne, na Atlanta wakazima.

Bado hatujafika kwenye kilele. Tampa Bay walikuwa wamelala 7–0 kwa Yankees hadi ngwe ya nane, na sehemu ya mashabiki walikuwa wameshaondoka. Ngwe ya nane wakapata sita. Ya tisa, wapigaji wawili wameshatolewa (wa tatu akitoka ngwe imekwisha) na ikafika straiki mbili ubaoni (ya tatu humtoa mpigaji), kwa mtu aliyeletwa kupiga, Dan Johnson, mtu ambaye wastani wake wa kupiga msimu ule ulikuwa .108. Kwa lugha nyepesi, hiyo ni mara moja kwa kila kumi. Akaupiga mpira ukaambaa na mstari wa kulia hadi ukavuka ukuta karibu na nguzo. 7–7.

Muda huohuo, kule Baltimore, mvua ilikuwa imesimamisha mechi zaidi ya saa moja, na Boston walikuwa wanaongoza 3–2. Walibakiza straiki moja. Mpira wa mrushaji wao Jonathan Papelbon ukapigwa na Nolan Reimold wa Baltimore, mechi ikawa sare. Robert Andino akaupiga mwingine chini kuelekea kushoto. Carl Crawford wa Boston akateleza kwa miguu, glovu mbele, mpira ukamgusa na kumtoka. Reimold akafika nyumbani, yaani kituo cha mwisho kinachohesabiwa bao: 4–3 Baltimore. Ilipita kama dakika tatu tu, na kule Tampa Evan Longoria akautoa mpira nje ya ukuta wa kushoto. 8–7. Kwa saa za huko ilikuwa imepita saa sita usiku kidogo. Kwetu Afrika Mashariki jua lilikuwa limeshatoka, saa moja asubuhi, watu wako kwenye foleni za daladala.

Sasa kaa na hesabu hii. Rays walimaliza na ushindi 91, Boston 90. Cardinals 90, Atlanta 89. Aliyewafuata katika kila ligi bila kuwa kinara wa kanda alikuwa na 86. Kwa kanuni iliyoanza 2012, ya nafasi mbili za ziada kila ligi, timu zote nne zingekuwa zimefuzu kabla ya siku ile ya mwisho. Wachezaji walewale, viwanja vilevile, na Longoria angeweza kuwa amepumzishwa benchi. Crawford akiudondosha mpira ule, nani angekumbuka?

Tangu 2022 zinaingia timu sita kila ligi, kumi na mbili kwa jumla. Wanaoutetea mfumo huu wana hoja, sikatai. Miji mingi inabaki na matumaini hadi mwisho, na mwaka 2023 Arizona Diamondbacks waliingia na ushindi 84 tu, wakawang'oa Dodgers waliokuwa na 100 na kutinga fainali. Hadithi nzuri. Lakini ukiruhusu timu ya ushindi 84 ipange foleni moja na ya 100, zile siku 180 za kutoka jasho zinakuwa mazoezi ya kupasha misuli. Mbio zinanoga pale anayeshindwa anapopoteza kitu kweli.

Na Cardinals walionyesha kwamba mlango mwembamba haumzuii mnyonge. Waliwatoa Phillies wenye ushindi 102, Carpenter akimshinda rafiki yake Roy Halladay 1–0 mechi ya tano. Kwenye fainali ya hadi mechi saba dhidi ya Texas Rangers, mechi ya sita, mara mbili walibakiza straiki moja wapoteze ubingwa. Mara ya kwanza ni David Freese, kijana aliyekulia vitongoji vya St. Louis akiishabikia timu hiyohiyo, aliyeupiga mpira juu ya kichwa cha Nelson Cruz hadi ukutani. Cruz alirudi kinyumenyume, akauonyoshea mkono, ukampita. Mara ya pili ni Lance Berkman. Ngwe ya 11 Freese akamaliza mwenyewe, 10–9. Kesho yake, mechi ya saba, 6–2, kombe likatua Missouri, jimbo la St. Louis. La Russa akatangaza kustaafu siku chache baadaye, na nyota wao Albert Pujols akahamia timu ya Angels.

Kanuni mpya ilipoanza 2012, waliokutana kwenye ile mechi moja ya kufa au kupona ya ligi ya Taifa walikuwa nani? Atlanta na St. Louis walewale. Braves walikuwa na ushindi 94, Cardinals 88. Kwa kanuni ya zamani Atlanta wangekuwa ndani, na St. Louis wangekuwa nyumbani wakitazama televisheni. Mechi ilichezwa Atlanta. Ngwe ya nane, mpira wa Andrelton Simmons ulidondoka katikati ya walinzi wawili wa St. Louis, lakini mwamuzi alikuwa ameshanyoosha mkono kwamba mpigaji ametoka. Chupa zikamiminika kutoka majukwaani, mechi ikasimama. Iliporudi, Cardinals wakashinda 6–3.