Hii Maada Ina Chuki na Mimi

Kitabu cha sayansi cha mwanangu Zuhura kinasema maada ina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Kinasema pia mabadiliko ya kiumbo, yale ya kubadili sura tu, yanarudishika, ila ya kikemikali, kitu kinapogeuka kitu kingine, hayarudishiki kirahisi. Sawa. Aliyeandika hajawahi kukaa Kigamboni na friji ya mkopo.

Chukua gesi ya kupikia. Mtungi wangu wa kilo 6 ukiutikisa unasikia chwa, chwa, maana humo ndani gesi imeshindiliwa hadi ikawa kimiminika. Ukifungua koki inachemka humo humo bila kuwashiwa chochote. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 za selsiasi chini ya sifuri, kwa hiyo joto letu hili la kawaida linaitosha kabisa. Inapochemka inanyonya joto la chuma, mtungi unapoa, unyevu wa hewani unatua juu yake matone matone. Hapo ndipo Mama Zuhura anapiga yowe: "Baba Zuhura, mtungi unavuja!" Hauvuji, mama, huo ni umande tu. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza kwenye moto. Ikishaungua inakuwa kabonidioksaidi na mvuke wa maji, na sijaona mtu akampelekea Mangi wa dukani mvuke ili apunguziwe bei ya mtungi mwingine. Na itaisha lini? Maharage yakishaanza kupasuka maganda, ndani bado kokoto. Haijawahi kuisha kwenye chai.

Lakini gesi ina adabu, nyie. Friji haina.

Mama Zuhura anauza barafu za ukwaju. Umeme ukikatika usiku, asubuhi zote ni juisi. Umeme ukirudi zinaganda tena, mabadiliko ya kiumbo hayo, kitabu kimeshinda. Ila njoo uzione! Zimelaliana, zimeshikana, nyingine zimeng'ang'ania ukuta wa friza mpaka uzing'oe kwa mwiko. Halafu zikiganda polepole, maji huanza kuganda yenyewe na kuusukuma ukwaju na sukari pembeni. Mtoto wa jirani ananyonya upande huu barafu nyeupe haina ladha, akifika upande wa pili uso unamkunjamana. Anarudi kudai hela yake, na mama yake nyuma.

Siku hiyo hiyo shemeji yangu, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa ameificha soda ya chupa humo nyuma ya barafu. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kama asilimia 9, na chupa haina pa kuongezeka. Vigae vya kioo tunaviokota kwenye ukwaju hadi leo.

Sasa samaki wetu, vibua. Friza ile ile, giza lile lile, ila vyenyewe havikuyeyuka tu. Bakteria walishavivamia na kazi yao ni ya kikemikali. Nikasema vitupwe. Mama Zuhura akanijibu, "Umeme si umerudi? Vitaganda." Vitaganda, ndiyo, tutakuwa na vibua vilivyooza vigumu! Akaleta ndimu. Na kweli ndimu ikafanya kazi, maana asidi yake inaikamata ile harufu isiruke hewani. Harufu ikapungua, samaki akabaki na uozo wake, shemeji akala viwili na kushukuru. Usiku ule choo kilikuwa chake peke yake.

Mafuta ya nazi siyasemi sana. Yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, kwa hiyo alfajiri za Julai huku kwetu mtu anachokoa kopo kwa kijiko akilaani. Jua likipanda yanarudi mafuta. Hicho ndicho kitu pekee ndani kwangu kinachokifuata kitabu.

Bati je? Bati linakuja limepakwa zinki, linang'aa hadi majirani wanakusalimia vizuri. Zinki ikishalika, kuanzia kwenye matundu ya misumari, chuma na oksijeni wanaoana, maji ndiyo kadhi, na chumvi ya bahari ndiye mshenga anayeharakisha mambo. Talaka hapo hakuna. Fundi alikuja akapiga msasa, akapaka rangi, akala ubwabwa, akaondoka. Mvua ya kwanza ikamsuta, na simu yake tangu hapo haipatikani.

Nikakimbilia kabatini, angalau kanzu yangu iko salama, nimeiwekea vidonge vya naftalini, vile vya kufukuza wadudu. Vidonge hakuna! Vile havipitii hata hali ya kimiminika, vinatoka yabisi vinaruka moja kwa moja kuwa gesi. Mama Zuhura anamtuhumu shemeji kavichukua. Havijachukuliwa, vyote viko kwenye kanzu, nyuzi kwa nyuzi. Nikaivaa hivyo hivyo Ijumaa. Mzee aliyekuwa kulia kwangu alipiga chafya toka takbira ya kwanza mpaka imamu anatoa salamu.