Abiria Mzito wa Kiti cha Mbele

Karatasi niliiandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa ambazo hata aliyesahau miwani nyumbani angezisoma: 265/70R17, A/T, matano. Nikampa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa sababu yeye alikuwa anapita kwa muuzaji wa matairi na mimi nilikuwa kazini. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni kwa heshima zote. Jioni akanikuta kwa fundi na matairi matano ya 285/75R17, M/T, yenye kashata nene za kutisha watoto.

"Shemeji, mimi nilikuandikia nini?"

"Uliandika vizuri tu. Mimi nikakuboreshea."

Lazima nieleze kitu kuhusu shemeji. Gari langu hili la porini analipenda kuliko mimi. Mimi nililinunua linifikishe. Yeye anataka kila likisimama lionekane limetoka kupigana. Kazi kubwa ya gari lenyewe ni lami, halafu kipande cha njia ya mawe, na mvua zikinyesha tope la kiasi. Kwa matumizi hayo A/T, tairi la mchanganyiko, linatosha na chenji inabaki. M/T ni la mtu anayeishi ndani ya tope. Lina mifereji mipana ili tope litemwe tairi linapozunguka, na mifereji hiyohiyo ndiyo inayopiga kelele ukirudi kwenye lami. Nilimweleza yote haya pale pale.

"Sauti nayo ni sehemu ya gari," akanijibu.

Kurudisha hakukuwezekana. Muuzaji alikuwa ameshafunga, mimi alfajiri nina safari, na yale ya zamani yalikuwa vipara vitupu, mawili yanaonyesha waya.

Fundi ni mtu wa maneno machache. Aliinama akasoma ubavu wa tairi jipya, akasoma wa la zamani, akanitazama mimi, akamtazama shemeji, akajua nani kanunua.

"Bosi, haya makubwa."

"Kidogo tu," shemeji akadakia.

Fundi akachukua chaki, akapiga hesabu sakafuni. 285 ni upana kwa milimita. 75 ni asilimia: ubavu una kimo cha asilimia 75 ya huo upana, milimita 214 hivi, wakati la zamani lilikuwa na 186. Chukua ubavu wa juu na wa chini, weka rimu ya inchi 17 katikati, tairi linatoka milimita 803 linafika 859. "Gari litapanda karibu sentimita tatu," akamaliza. Shemeji alisikia sentensi hiyo peke yake.

"Umeona? Na kimo tumeongezewa bure!"

Akaendelea kulikagua tairi lake, akaona 121 ubavuni, akanigonga bega. "Hili linakwenda 121 kwa saa, shemeji!"

"Hiyo ya mzigo," fundi akasema bila kuinua kichwa. "121 ni kilo 1,450 kwa tairi moja. Mwendo ni hiyo Q inayofuata. 160."

Mtu mwingine angenyamaza. "Basi ni zuri kuliko nilivyodhani," akasema shemeji.

Kuvalisha kulikwenda vizuri, mpaka kwenye upepo. Fundi alipaka maji ya sabuni kwenye kingo, akachomeka mpira wa upepo, akatuonya kwamba tairi likikaa kwenye rimu hulia, mara moja kila upande. Shemeji alikuwa amelisogelea, mkono kiunoni, ananieleza ubora wa kingo zake. *Pah!* Nilipogeuka, shemeji hayupo. *Pah!* ya pili aliisikilizia nyuma ya pampu ya upepo. Alitoka anapangusa magoti, akasema alikuwa anaangalia kama pampu inavuja mafuta.

Balansi ikafanywa, nati zikakazwa kwa kupishana, moja huku, inayofuata upande wa pili, fundi akasema nirudi kukazia baada ya kilomita mia hivi. Nikawasha. Mbele, sawa. Nikakata usukani kutoka getini: *krrrrrr*. Nikaurudisha, kimya. Nikaukata tena: *krrrrrr*, safari hii na kipande cha plastiki ya ndani ya madigadi kikaanguka chini. Tairi lilikuwa linaitafuna. Yaani nilikuwa na gari linalopanda mlima na halitoki getini. Fundi akaleta kisu, akapunguza plastiki huku anatikisa kichwa, na bado usukani ukiukata mpaka mwisho lilikuwa linanung'unika. Kona ambayo zamani niliipiga mara moja, sasa nilisogea mbele, nyuma, mbele tena, huku shemeji ananiongoza kwa mikono miwili kana kwamba naegesha meli.

Kisha ikaja habari ya spea. Spea ya gari langu huning'inia kwa mnyororo chini ya sakafu ya nyuma, kwenye nafasi iliyopimwa kwa tairi la zamani. Hili jipya lilivutwa, likasukumwa, likageuzwa, likagonga bampa, likagonga bomba la moshi, likakataa. Nyuma nako kulikuwa kumejaa: shemeji alishapakia yale matano ya zamani, na tope lake, kwa sababu "hayakosi kazi". Lililobaki safi lilikuwa jipya. Basi likakaa kiti cha mbele, na shemeji akaenda nyuma, akajichomeka katikati ya vipara viwili.

Kufika barabarani, dashibodi ikaanza kulia. *Ti, ti, ti, ti.* Tairi na rimu yake ni karibu kilo 40; kiti kilishaamua kwamba huyo ni abiria, na abiria hajafunga mkanda. Nikaegesha, nikamfunga.

Kelele ya mkanda ilipokoma ndipo tulipoisikia ya matairi. Kuanzia kilomita 60 kwa saa likawa ngurumo moja ndefu. Mke wangu akapiga simu, akauliza kwa wasiwasi, "Umepanda ndege?"

Mshale ulikuwa kwenye 80, kikomo cha barabara ile, nami nilijisikia raia mwema kabisa. Ila tairi likiongezeka mzunguko kwa asilimia saba, mshale hauna habari: ukisoma 80 unakwenda karibu 86. Askari mwenye kifaa cha kupimia mwendo alikuwa na habari. Akanisimamisha. Akainama dirishani kwa abiria, mkono umeshaanza kupanda kusalimia, ukaishia njiani.

"Hili ni nini?"

"Spea, afande."

"Limefungwa mkanda?"

"Lilikuwa linapiga kelele, afande."

Akamulika nyuma kwa tochi. Katikati ya matairi pakaonekana kichwa. "Shikamoo afande," kikasema kichwa.

Askari alifikiri kwa muda. "Ngoja nielewe. Tairi limekaa kwenye kiti, limefunga mkanda. Mtu amekaa kwenye matairi, hana mkanda."

"Ni shemeji yangu, afande."

Sijui kwa nini nilidhani hilo lingesaidia. Faini zilikuwa mbili, ya mwendo na ya shemeji. Tairi halikuwa na kosa.

Nyumbani mke wangu alitoka na kukuta nimesogea mbele na nyuma langoni mpaka majirani wameamka. Alilizunguka gari lote, akalitazama lile lililofungwa mkanda, akaangalia plastiki inayoning'inia kwenye madigadi, mwisho akamsubiri kaka yake amalize kujichomoa kutoka kwenye vipara.

"Kaka, haya matairi si makubwa?"

Shemeji akajipangusa tope, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja kupima.

"Matairi hayana tatizo, dada. Gari ndilo dogo."