Miwa Wakate Wao, Karandinga Wapande Wao

Juzi mtu alituma kwenye kundi letu la familia video ya akina mama wa Kihaiti wakipandishwa lori nje ya hospitali huko Jamhuri ya Dominika, jirani wa Haiti kwenye kisiwa kimoja. Mmoja alikuwa akitembea kwa ule mwendo ambao kila mwanamke aliyewahi kuzaa anaujua, kitoto kimefunikwa kwa shuka. Mjomba wangu, hajji, mtu wa safu ya mbele msikitini, akaandika: “Kila nchi ina sheria zake. Kwani hao hawana kwao?” Vidole gumba vikamiminika.

Nilianza kumjibu palepale. Jibu likarefuka, sauti ikapanda, nikakumbuka huyu ni ndugu yake mamangu. Kwa hivyo hasira nimezileta huku, ambako mjomba hafiki.

Haya, tuanze na hizo sheria. Sheria ya kazi ya Dominika inasema asilimia 80 ya wafanyakazi wa kampuni wawe raia. Nenda kwenye mjengo wowote wa ghorofa pale Santo Domingo, mji mkuu, uwatafute hao asilimia 80. Zege linabebwa na Mhaiti, kokoto Mhaiti, na usiku anayelinda saruji isiibwe ni Mhaiti. Mashamba ya ndizi ya kaskazini-magharibi, zile zinazouzwa Ulaya na kibandiko cha kilimo hai, ni hadithi ileile. Sheria inavunjwa mchana kweupe, na anayeivunja ana ofisi, ana anwani, ana namba ya kodi. Kumpata si kazi. Lakini sijasikia bado karandinga la uhamiaji lililosimama mbele ya ofisi ya tajiri likampakia yeye na mhasibu wake.

Wanaopakiwa ni wengine. Oktoba 2024 Rais Luis Abinader wa Dominika alitangaza kwamba watafukuzwa hadi watu 10,000 kila wiki. Mwaka huo ukaisha kwa zaidi ya 276,000, na 2025 hesabu ikapita 370,000. Nchi yenye watu milioni 11 hivi! Ungetarajia mijengo isimame yote, mashamba yageuke pori. Wajenzi na wakulima walilia kweli kwamba vibarua wamepungua, lakini ghorofa zinaendelea kupanda. Kwa sababu wengi wa waliofukuzwa Jumatatu wanarudi. Wanampa mvushaji chake, wanampa askari wa kizuizi cha barabarani chake, na wanaanza kazi upya wakiwa na deni shingoni. Katika takwimu mtu mmoja anaweza kuhesabiwa mara tatu, na kila mara serikali inapigiwa makofi.

Sasa hoja yangu ni hii, na nyingine zote nitazipitia mbio. Lile karandinga ni chombo cha kazi kama lilivyo panga. Kibarua anayejua kwamba kesho anaweza kubebwa haulizi mbona mzani wa miwa unasoma pungufu. Hadai nyongeza, haendi kwa mkaguzi wa kazi, akikatika kidole anafunga tambara anaendelea. Malalamiko ya zamani kabisa kule ni ya msako unaotokea, ajabu ya Mungu, karibu na siku ya malipo. Ukiwapa watu hawa karatasi zao, ujira unapanda kesho yake asubuhi. Kila anayenufaika na ujira wa chini analijua hilo, ndiyo maana ukiwauliza watakwambia wanapenda sana sheria.

Wala jambo hili halikuanza na magenge ya sasa ya Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Marekani iliikalia Haiti kuanzia 1915 hadi 1934, na Dominika kuanzia 1916 hadi 1924. Kisiwa kizima kikawa chini ya bendera moja, na makampuni ya sukari yakaona neema: ardhi ya miwa upande wa mashariki, mikono ya bei rahisi upande wa magharibi. Wahaiti wakavushwa kwa maelfu. Miwa ikastawi.

Kisha ikaja Oktoba 1937. Jenerali Trujillo, dikteta wa Dominika, aliamuru Wahaiti wa mpakani wauawe, na wakauawa kwa mapanga na marungu, maelfu kwa maelfu. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu idadi, wengine wanaifikisha 20,000. Wengi wa waliokufa walikuwa wakulima wadogo wenye vijishamba vyao, wengine wamezaliwa palepale. Lakini Wahaiti waliokuwa ndani ya mashamba makubwa ya sukari, hasa ya Wamarekani, kwa sehemu kubwa hawakuguswa. Lisome tena hilo. Katika siku ambazo kuwa Mhaiti kulikuwa hukumu ya kifo, kilichomkinga mtu ni kuwa mali ya tajiri wa miwa. Aliyekuwa na jembe lake mwenyewe akachinjwa. Baadaye Trujillo alikubali kulipa fidia ya dola 750,000, zikapunguzwa hadi 525,000, na jamaa za marehemu hawakuona kitu cha maana.

Miaka 15 tu baadaye, 1952, serikali hizohizo mbili zikatia saini mkataba wa kupeleka wakata miwa. Chini ya akina Duvalier, madikteta wa Haiti, baba na mwanawe, ikawa biashara kamili: serikali ya Dominika inalipa, serikali ya Haiti inakusanya watu na kuwakabidhi kwa msimu. Baby Doc, yule mwana, alipokimbia nchi Februari 1986, pesa za vibarua wa msimu ule zilikuwa zimeshalipwa. Pesa zilipokwenda utakisia mwenyewe. Kwa hivyo mtu akiniambia “waliingia kimagendo”, namuuliza: magendo ya nani? Ya serikali mbili zilizoandikiana risiti?

Wazee wetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa panga kabla hawajashuka kwenye lori, wakapelekwa kwenye batey, zile kambi za vibarua katikati ya miwa, wakazaa, wakazikana humo. Halafu Juni 1991 Rais Balaguer akatoa amri: Wahaiti walio chini ya miaka 16 na walio juu ya 60 waondoke. Ilitoka baada ya Dominika kuaibishwa kimataifa kwa kutumikisha watoto kwenye miwa. Na mimi huirudia ile amri kila nikiambiwa habari za “kulinda mipaka”. Mtoto hana nguvu bado, mzee zimemwisha. Wale wa katikati, wenye mabega, hawakutajwa.

Septemba 2013 Mahakama ya Katiba ya Dominika ikamaliza kazi. Binti wa wahamiaji, aliyezaliwa Dominika mwaka 1984, alikwenda kuomba kitambulisho akiwa na cheti chake halali cha kuzaliwa, akanyimwa. Mahakama ikamwambia kwamba wazazi wake walikuwa wapita njia tu, kwa hivyo yeye si raia, na vivyo hivyo kila mwenye historia kama yake kurudi nyuma hadi 1929. Kwa hesabu ndogo kabisa ni zaidi ya watu 100,000. Dunia ilipopiga kelele ikapitishwa sheria ya kulainisha mwaka 2014. Ililainisha kwa baadhi. Wapo wanaoitwa wahamiaji leo ambao hawajawahi kuvuka mpaka wowote maishani mwao, na Haiti hawajui hata barabara moja.

Sisi watu wa Kwale tusijifanye hatuijui hadithi hii. Wamakonde waliletwa hapa kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930, wakakata mkonge, wakakata miwa ya Ramisi. Kiwanda kikafa, wao wakabaki, na vijukuu vyao vikawa havina kipande cha utambulisho. Nimekua nao. Nilikuwa na rafiki ambaye laini yake ya simu ilikuwa kwa jina la jirani, na pesa zake za M-Pesa zilikuwa, kisheria, pesa za jirani. Alikuwa fundi mzuri wa kuchonga. Akialikwa kwenye maonyesho Nairobi anahesabu vizuizi vya polisi njiani kwanza. Nao siku zote wapo waliowaambia “rudini kwenu”, na ukiuliza huko kwao ni wapi, wanaonyesha kusini kwa kidevu.

Oktoba 2016 wakachoka, wakatoka Kwale kwa miguu kwenda kumwona Rais Nairobi. Watu walicheka. Kabla mwaka haujaisha amri ya kuwapa vitambulisho ikawa imetoka, wakaitwa kabila la 43. Wapemba nao wakafuata 2023. Na nini kikatokea? Hakuna. Kenya haikuzama. Minazi haikunyauka. Watu walipata vipande, wakafungua akaunti, wakaanza kusumbuliwa na kodi kama sisi wengine.

Sisemi sisi ni malaika. Aprili 2014 tuliwajaza Wasomali uwanjani Kasarani, wengine wana vitambulisho mfukoni, na wengi wetu tulishangilia. Mjomba, najua, alishangilia.

Kwa shingo upande nitakubali jambo moja. Dominika si nchi tajiri, na imeachiwa mzigo ambao wakubwa wameukimbia. Kufikia 2024 karibu theluthi ya waliozaa katika hospitali zake za umma walikuwa Wahaiti, na mama wa Kidominika anayelala wawili kitanda kimoja hana kosa kuudhika. Tangu Rais Moïse auawe Julai 2021 magenge yameumeza karibu mji mkuu wote wa Haiti, zaidi ya watu milioni wamehama makwao, na Marekani, Ufaransa na Kanada wamebaki mbali wakitoa pesa na taarifa za masikitiko. Abinader akisema ameachwa peke yake, hadanganyi.

Lakini dawa yake ikawa ipi? Tangu tarehe 21 Aprili 2025, katika hospitali 33 za serikali mgonjwa anatakiwa aonyeshe kitambulisho, barua ya kazi na uthibitisho wa makazi. Asiye navyo anatibiwa, halafu anakabidhiwa kwa uhamiaji. Siku ya kwanza walibeba watu zaidi ya 130: wajawazito, waliotoka kujifungua, na watoto. Barua ya kazi! Kutoka kwa tajiri yuleyule anayewaajiri kimyakimya ili asiandike barua. Matokeo yake ni mtu kujifungulia chumbani gizani akiogopa wodi, na aliyebuni utaratibu huu alilijua hilo kabla hajachukua kalamu.

Na tusisahau rangi, maana msako hausomi karatasi kwanza, unasoma ngozi. Novemba 2022 ubalozi wa Marekani uliwaonya raia wake weusi wanaokwenda Dominika kwamba wanaweza kukamatwa na uhamiaji kwa weusi wao. Marekani hiyohiyo ambayo miaka miwili baadaye mgombea wake wa urais angesimama kwenye mdahalo kudai Wahaiti wa mji wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa wa majirani. Nyani haoni kundule.

Waliofukuzwa wanatupwa wapi? Mpakani, wengi Ouanaminthe na Belladère. Kutoka Belladère barabara ya kwenda Port-au-Prince inapita Mirebalais, mji ambao magenge yaliuvamia Machi 2025. Hapo ndipo mimi Mkenya damu inanichemka zaidi, kwa sababu polisi wetu walitua Port-au-Prince Juni 2024, kwa mbwembwe na hotuba. Mmoja wao aliuawa katika jimbo la Artibonite Februari 2025, wengine wakafuata. Tulipeleka vijana wetu kuzima moto upande mmoja wa kisiwa, na upande wa pili watu wanarudishwa kwenye moto uleule kwa malori. Serikali yetu imesema nini kuhusu malori hayo? Nimetafuta. Labda nasikia vibaya.

Na hao “wasio na karatasi” tuwaulize kama waliwahi kuwa nazo. Mpango wa kuwasajili wahamiaji ulifanyika 2014 na 2015, na karibu watu 288,000 walijitokeza, wakapiga foleni, wakatoa alama za vidole, wakawakabidhi maofisa anwani zao kwa mikono yao wenyewe. Wengi walipewa vibali vya muda mfupi. Vikaisha. Kuvihuisha kukawa mzunguko wa ofisi, ada na njoo kesho, na aliyekuwa halali akaamka haramu bila kusogea hata hatua moja. Sukari ya Central Romana, kampuni kubwa ya miwa ya Dominika, ilizuiwa kuingia Marekani Novemba 2022 kwa dalili za kazi ya kulazimishwa, kampuni ikakanusha, na Machi 2025 zuio likaondolewa. Sukari, unaona, husafishiwa hati zake.

Wakata miwa wazee bado wanaandamana Santo Domingo wakidai pensheni. Wamekatwa makato miaka 30, 40, na stakabadhi wanazo, zimekunjwa kwenye mifuko ya plastiki. Baadhi wamelipwa baada ya kusumbuka miaka. Waliobaki wanaambiwa walete kwanza hati halali ya ukaazi.