Kiuno cha Suruali ya Dereva: Je, Sayansi ya Mazoezi na Afya ya Jamii Zisomwe Pamoja?

Mwaka 1953 daktari Mwingereza Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, ambao kutwa walipanda na kushuka ngazi wakikata tiketi, walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitini zamu nzima. Basi lile lile, mwajiri yule yule, barabara zile zile. Mwanafunzi wa sayansi ya mazoezi hukutana na kisa hiki mapema sana, na mara nyingi anasimuliwa nusu yake tu: panda ngazi, uokoe moyo.

Nusu ya pili ilikuja 1956. Morris na wenzake walirudi, safari hii wakipekua kumbukumbu za sare. Madereva walikuwa wakipewa suruali zenye kiuno kipana kuliko za makondakta. Sasa je, ni kiti kilichowanenepesha, au walikuwa wanene tangu siku ya kuajiriwa na wembamba ndio walioishia kwenye ngazi? Mtu wa maabara ya mazoezi halazimiki kuuliza hivyo. Mtu wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyotokea na kusambaa katika jamii, analipwa kuuliza hivyo. Kazi yake ni kuishuku sababu yoyote inayojileta yenyewe mlangoni. Walipolinganisha mnene na mnene, mwembamba na mwembamba, makondakta bado walikuwa na nafuu. Ngazi ilishinda, ila baada ya kuhojiwa.

Suruali hizo zinanisaidia kupima jambo ambalo vijana wengi wanaochagua kozi huliuliza: kuna faida gani kusoma sayansi ya mazoezi na afya ya jamii katika shahada pacha, badala ya kushika moja na kuimaliza vizuri?

Shahada hizi zina sura mbili kuu. Ya kwanza, inayopatikana kwa mfano Australia, ni shahada mbili za kwanza zinazosomwa sambamba kwa miaka 4 hivi, wakati kila moja peke yake ingechukua 3. Ya pili, iliyozoeleka Marekani, ni shahada ya kwanza ya sayansi ya mazoezi inayounganishwa na uzamili wa afya ya jamii, yote yakiisha kwa miaka 5 badala ya 6. Katika sura zote mbili muda unaokolewa kwa njia ile ile: kozi kadhaa zinahesabiwa pande zote mbili. Hapo ndipo palipo na tamu na chungu ya mpango mzima, na nitarudi hapo.

Hoja ya wanaounga mkono ni nzito. Faida za mazoezi kwa moyo, kwa sukari ya damu, kwa mifupa na kwa akili zinajulikana kwa miongo mingi. Hata hivyo, kwa mujibu wa makadirio yaliyotolewa 2024 kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani takriban bilioni 1.8, hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 26. Maarifa ya maabara yameongezeka na watu wamezidi kukaa. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye msuli peke yake. Liko kwenye barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, kwenye zamu za kazi, kwenye shule iliyokifuta kipindi cha michezo. Mtaalamu anayejua msuli tu atamwandikia mtu mpango mzuri wa mazoezi, kisha amrudishe katika mazingira yale yale yaliyomlegeza.

Kuna pia hesabu ambayo haifundishwi sana upande wa mazoezi. Geoffrey Rose, mwana epidemiolojia wa Uingereza, aliieleza vizuri mwaka 1985. Tuchukue mfano wa kubuni. Kati ya watu 1,000, wapo 100 wenye hatari kubwa, ambapo mmoja kati ya 5 ataugua. Hao ni wagonjwa 20. Waliobaki 900 wana hatari ndogo, tuseme 4 kwa kila 100. Hao ni wagonjwa 36. Wagonjwa wengi zaidi wanatoka kwenye kundi ambalo hakuna mtu angelipeleka kliniki! Ukiwashughulikia wale 100 peke yao, hata kwa ustadi wa hali ya juu, zaidi ya nusu ya ugonjwa inakupita pembeni. Mwanafunzi aliyeielewa hesabu hii hawezi tena kuuona ukumbi wa mazoezi kama jibu la kila kitu.

Ila upande wa afya ya jamii nao una upofu wake, na hili husemwa kwa nadra. Chukua namba mbili zinazojulikana kila mahali. Ya kwanza ni hatua 10,000 kwa siku. Wapo wahamasishaji wa afya wanaoitangaza kana kwamba ilichimbwa maabara, kumbe chimbuko lake ni kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965 kwa jina la Manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Mtu wa fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, angeuliza mara moja: hatua za kasi gani? Za nani, na moyo wake ulipiga kiasi gani?

Namba ya pili ni ya upande wa mazoezi: 220 toa umri, kanuni ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo. Mwenye miaka 40 anapewa 180, na mkufunzi anapanga mazoezi juu ya namba hiyo. Kanuni hii haikutokana na utafiti uliofanywa mahususi kuitafuta. Inahusishwa na Fox, Naughton na Haskell, ambao mwaka 1971 walichora makadirio juu ya data zilizokuwapo tayari. Ni wastani wa kundi aliovishwa mtu mmoja. Moyo halisi wa huyo wa miaka 40 unaweza kufika 168 au 192 na asiwe na kasoro yoyote. Aliyesoma takwimu za afya anajua wastani una mtawanyiko. Aliyesoma fiziolojia peke yake mara nyingi anaipokea namba kama alivyopewa.

Kwa hiyo kila upande una namba iliyomezwa bila kutafunwa, na dawa yake iko kwa jirani. Kwangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuzisoma pamoja. Inaizidi kwa mbali ile ya kuokoa mwaka mmoja wa karo.

Sasa upande wa chungu. Asubuhi mwanafunzi yuko maabara. Mbele yake mtu anakimbia kwenye mashine, barakoa ya kupimia hewa imemfunika pua na mdomo. Hawezi kuongea, kwa hiyo anaonyesha kwa kidole kwenye jedwali la Borg, kipimo cha namba 6 hadi 20 cha ugumu anaouhisi mtu, jinsi anavyojisikia: 15, kisha 17, "vigumu sana". Mkono mwingine umeanza kung'ang'ania chuma cha pembeni, na hapo mwanafunzi anatakiwa aone, kwa sababu anayejishikilia anaupunguzia mwili mzigo na kipimo kinaharibika. Jicho la namna hiyo halipatikani kwa kusoma. Linahitaji vipimo vingi, kwa vijana na wazee, kwa mwenye shinikizo la damu na mwenye goti bovu. Mchana mwanafunzi yule yule ameketi darasani, na mkimbiaji wa asubuhi amekuwa alama moja katika jedwali la vyumba vinne: walioumwa, wasioumwa, waliofanya mazoezi, wasiofanya. Kulisoma jedwali hilo bila kudanganyika nako kunataka jicho, nalo linataka miaka yake.

Kozi zinapohesabiwa pande mbili, kinachokatwa kwanza aghalabu ni mazoea ya aina hii. Biomekaniki, yaani elimu ya nguvu na mwendo wa mwili, inapunguzwa muhula, takwimu za juu zinageuka za hiari, mafunzo kwa vitendo yanabanwa kwenye likizo. Cheti kina majina mawili, lakini kila jina limepungua uzito kidogo.

Halafu kuna suala la leseni. Katika nchi ambako kuwaandikia wagonjwa mazoezi ni taaluma inayosimamiwa, chombo cha usajili hutazama kozi zilizoidhinishwa na saa za vitendo chini ya usimamizi. Hakitazami ukubwa wa ndoto yako. Shahada pacha isiyokidhi masharti hayo inakuacha na maarifa ya kutosha kujua unachopaswa kufanya na bila ruhusa ya kukifanya. Asiyelichunguza hili kabla ya kujisajili atalijua siku ya kuomba kazi.

Mwajiri naye ana swali lake: "Wewe hasa ni nani?" Sioni kama swali hili ni la kutisha sana. Idara za afya, mipango ya afya kazini, miradi ya magonjwa yasiyoambukiza, zote zinamtaka mtu anayeweza kuzungumza na daktari, na mkufunzi, na anayepanga bajeti. Lakini jibu lazima liwepo. Wahitimu wanaoshindwa kulitoa ni wale waliosoma vitu viwili bila kuviunganisha hata mara moja, kwa sababu chuo hakikuwadai.

Nikipima yote, nasema hivi. Anayetaka maisha yake yawe kliniki, na wagonjwa wa moyo au wanamichezo waliojeruhiwa, asome sayansi ya mazoezi kwa ukamilifu kwanza. Afya ya jamii itamsubiri kwenye uzamili na atakuwa amekomaa kuielewa. Vivyo hivyo anayependa takwimu kuliko jasho: aanze na afya ya jamii kwa ukamilifu. Shahada pacha inamfaa yule anayevutwa na lile pengo la katikati: kwa nini watu wanaojua faida za mazoezi hawafanyi, na ni kiasi gani kidogo kabisa kinachoweza kuwasaidia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 ni mfano wa kazi iliyotoka humo. Unapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na uliondoa sharti la zamani kwamba lazima mazoezi yafanyike kwa vipindi visivyopungua dakika 10 mfululizo. Kuliondoa sharti kama hilo kunataka watu wanaoelewa mwili unavyopokea vipande vidogo vya mazoezi, na wanaoelewa pia ni wangapi wanaokata tamaa kwa kukosa dakika 10.

Kwa anayesita, ningemwambia asihangaike na picha za kwenye brosha. Aombe kuona kazi za mwisho za wahitimu. Kama kuna tasnifu mbili zisizojuana, moja ya maabara na moja ya dodoso, hizo ni shahada mbili zilizofungwa kamba. Kama kuna kazi moja ambayo mwanafunzi alisimama mguuni pa ngazi karibu na lifti, akahesabu waliopanda kabla na baada ya bango la kuwahimiza kubandikwa, akapima moyo wa baadhi yao wakifika juu, na bado akajiuliza kama hao waliopanda ndio wale wale ambao wangepanda hata bila bango, hapo ajisajili.