Kidonge cha Siku ya Watani

Miaka sita mimi na Norvasc yangu ya presha tunakunywa chai pamoja. Kidonge cheupe, kina kona kona, kinatoka kwenye boksi la heshima. Mwezi uliopita naenda famasi, binti ananikabidhi kitu cha mviringo, kama kifungo cha shati la shule. "Amlodipini," anasema. Huyu mimi simjui.

"Ndiye yule yule, baba. Norvasc ni jina la biashara, dawa yenyewe ndiyo amlodipini, miligramu tano zile zile. Hati miliki iliisha zamani, sasa viwanda vingi vinatengeneza. Kwani wewe dawa ya meno unaiitaje?"

"Colgate."

"Zote?"

Nikanyamaza. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemtuma mjukuu Colgate, akaleta kitu kinanuka karafuu, na nikapiga mswaki.

Kilichoniudhi hasa ni bei. Haikufika hata nusu! Presha nimeilea kwa gharama miaka yote hiyo, leo niipelekee kitu cha bei ya vocha, itasikia? Binti anasema hawa watengenezaji wapya hawakurudia utafiti wote kuanzia mwanzo, ndiyo maana bei chini. Sawa. Ila chenji nilihesabu mara mbili, nikanunua na sato.

Usiku nikaanza ukaguzi. Nabonyeza kifundo cha mguu, kinabonyea. "Mama Asha, njoo uone dawa yenu!" Hata hakuinuka. "Mguu huo ulivimba mwaka jana na hiyo ya boksi, ukaenda harusini na kandambili. Umesahau?"

Sikusahau. Sikutaka kukumbushwa.

Lakini vya zamani vilibaki vitatu. Nikavificha mfukoni mwa kanzu ya Idi, akiba ya siku ya watani wa jadi, maana mechi ile haichezewi na kidonge cha kujaribia. Siku ikafika, nikameza Norvasc, nikakaa mbele ya televisheni kifua mbele. Tukafungwa.

Kesho yake famasi, mashine inasoma 160 kwa 100. Binti akashtuka. "Jana hukumeza dawa, baba?"

"Nilimeza ile yenyewe tu, ya boksi. Na imepanda!"

Akaitazama jezi niliyokuwa bado nimevaa.

"Baba, dawa haichezi beki."