Tonga hadi New Zealand: kusubiri hali ya hewa au kung'oa nanga?

Kila mwaka Oktoba inapoelekea ukingoni, mashua za matanga za wasafiri hujazana Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, zote zikingoja safari moja: zaidi ya maili za baharini 1,000 kwenda New Zealand. Msimu wa vimbunga Pasifiki ya Kusini huanza rasmi tarehe 1 Novemba hadi 30 Aprili, na mikataba mingi ya bima haitaki chombo kibaki ukanda huo. Ukiondoka mapema mno, dhoruba za baridi bado zinapita kule kusini. Ukichelewa, kuna kimbunga. Hapo ndipo manahodha wanapogawanyika. Wako wanaosubiri utabiri ukae sawasawa, na wako wanaosema andaa chombo, kikiwa tayari ondoka.

Wa kwanza wana hoja nzito. Maeneo ya mgandamizo mkubwa wa hewa hutoka Australia kwenda mashariki, takriban moja kila wiki, na katikati yake hupita hewa chafu, yaani upepo mkali na mawimbi. Aliyepiga hesabu vizuri hupata pepo za kusini-mashariki siku za mwanzo, hukuta shwari katikati akawasha injini, na kuingia bandari ya Opua, New Zealand, kabla upepo haujageuka kuwa wa kusini-magharibi. Aliyekosea hubisha maili 200 za mwisho, na upepo unatoka kule kule anakokwenda. Ndiyo maana wengi huanza kwa kuelekea magharibi ya njia iliyonyooka, ili upepo ukigeuka wabaki na nafasi ya kuutumia.

Shida ni hesabu ya siku. Mashua ya mita 12 ikienda maili 5 au 6 kwa saa hutumia siku saba hadi kumi. Utabiri ukishavuka siku ya tano, imani yake inapungua sana. Kwa hiyo unachongojea bandarini kwa wiki mbili ni uhakika wa zile siku za mwanzo, ambazo kwa kawaida ndizo rahisi. Siku ngumu ziko nje ya ramani. Intaneti ya setilaiti imesaidia, kwani utabiri mpya unaupata hata ukiwa katikati ya bahari, lakini mashua ya maili 5 kwa saa haiwezi kuikimbia dhoruba hata ikiionea mbali.

Juni 1994 ilionyesha hilo kwa uchungu. Mashua kadhaa zilikuwa zikitoka New Zealand kwenda Tonga na Fiji, na nyingi ziling'oa nanga kabla dhoruba yenyewe haijazaliwa. Ilikua ghafla ikazikuta njiani. Watu 3 walikufa, 21 wakaokolewa. Baadhi ya mashua zilizoachwa zilikutwa baadaye bado zinaelea. (Sisi tulioketi pakavu tusiwe wepesi kuwahukumu waliozitoroka, mlingoti ukishavunjika na mtu ameumia, hesabu ni nyingine.)

Upande wa pili, basi, unasema kazi ya kweli iko ndani ya chombo, nami naelemea huko. Chukua tangi la dizeli. Bandarini uchafu umetulia chini, injini inawaka vizuri, hakuna anayeushuku. Siku ya tatu mawimbi yanautibua, unafika kwenye chujio, injini inakohoa na kuzimika. Sasa unabadilisha chujio umepiga magoti, chombo kinakwenda mrama, mafuta yanamwagika sakafuni na harufu inakutapisha. Saa mbili za kusafisha tangi pale Nuku'alofa zingemaliza habari hiyo. Hali kadhalika nyaya za mlingoti, ambazo lazima mtu apande azikague hadi juu, na zoezi la kutuliza chombo kwa tanga lililopunguzwa na usukani uliofungwa, lisifanywe mara ya kwanza usiku wa dhoruba.

Hata hivyo kambi hii nayo ina wanaojificha ndani yake. Wanasema "tuko tayari", kumbe kinachowasukuma ni tiketi ya ndege ya baharia anayewahi kazini. Hiyo ndiyo sababu mbaya kuliko zote za kuchagua siku.

Chakula nacho kina mtego wake. Safari ikirefuka unahitaji akiba, lakini Opua maofisa huchukua matunda, mboga, mayai na asali iliyobaki. Beba mchele na unga wa kutosha, vibichi vya wiki moja tu.

Halafu kuna Minerva Kaskazini, pete ya matumbawe yenye mlango mmoja, maili 260 hivi kutoka Tongatapu, kisiwa ulipo mji wa Nuku'alofa, ambayo maji yakijaa huzama karibu yote. Wengi hutia nanga humo wakisubiri utabiri mpya, na faida ni kwamba zinabaki kama maili 800, kwa hiyo utabiri unafunika sehemu kubwa zaidi ya safari. Ila hakuna maji ya kunywa wala kitu cha kukinga upepo, na kuingia kunataka mwanga wa mchana. Mwaka 1962 mashua ya Kitonga iliyokuwa ikienda Auckland ilivunjikia Minerva Kusini, pete ya jirani, na manusura wakakaa pale miezi mitatu hivi. Mashua yenye watu wawili waliochoka, na hewa chafu iko mbele yao, naona iingie. Ikiwa upepo ni mzuri na siku tano zijazo zinasomeka, ipite. Upepo huo huenda usirudi kwa wiki nzima.