Mpira Kwenye Pindo la Mama Mkwe

Mke wangu ndiye aliyekata tiketi, na mke wangu huyo huyo ndiye aliyeitwa kazini asubuhi ya siku yenyewe. Akaniachia maagizo mawili: mama asipigwe na baridi, na mama asiboreke. Ndivyo nilivyojikuta kwenye treni ya laini nyekundu naelekea Wrigley Field, uwanja wa besiboli wa timu ya Cubs hapa Chicago, na mama mkwe, mtu wa Ngamiani, Tanga, ambaye tangu nioe sijawahi kukaa naye zaidi ya muda wa shikamoo na "wazima huko?"

Mama alikuwa kavaa dira na sweta la binti yake. Kanga moja kajitanda, nyingine kajifunga kiunoni. Ile ya kiunoni jina lake MPAJI NI MUNGU. Wekeni akiba hilo jina.

Sehemu yetu ilikuwa kule nyuma ya ukuta, kwenye mabenchi ya wazi, hakuna namba ya kiti wala pa kuegemea. Watu wanabanana. Mimi kwa adabu ya ukwe nikaacha nafasi katikati yetu, na ili isionekane ni nafasi ya bure nikaweka hapo sinia langu la chipsi za mahindi zilizomwagiwa jibini ya moto, pamoja na soda ya nusu ndoo.

"Baba Salma, goli liko wapi?"

"Mama, huku hakuna goli."

"Basi hawa wamekuja kufanya nini?"

Nikajitahidi. Yule katikati anarusha, yule mwenye rungu anapiga, akikosa mara tatu anatoka, akipiga anakimbia kuzunguka vituo vinne. Wakitoka watatu wanabadilishana. Awamu tisa.

"Dakika ngapi kila awamu?"

"Hakuna dakika, mama. Mpaka watoke."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa shamba la baharini. Kisha akauliza yale majani yanayotambaa ukutani mbona hayafyekwi. Nikamwambia yalipandwa 1937 na ni fahari ya uwanja. Mpira ukinasa humo, mchezaji anainua mikono juu na mpigaji anapewa vituo viwili. "Kwa hiyo wanajua unapotea humo, na bado hawafyeki," akasema, akafunga mjadala.

Kilichomgusa ni taa. Uwanja huu ulijengwa 1914, lakini mechi ya kwanza ya usiku ya Cubs hapa ilikuja Agosti 1988. Miaka yote hiyo wanacheza mchana tu.

"1988?" Mama akakaa sawa. "Mwaka ule Coastal yetu ya Tanga tulichukua ubingwa!"

Kuanzia hapo akawa mtu wa michezo.

Upande wake wa pili alikaa mzee wa Kizungu, umri wake na wa mama hawapishani sana, kofia ya buluu imepauka na glavu mkononi. Alipoona natafsiri akaanza kumsimulia. Cubs walichukua kombe 1908, halafu basi. Ernie Banks, mchezaji aliyependwa kuliko wote hapa, alicheza misimu 19 akapiga homrani 512, yaani mipira inayovuka ukuta, na hakuwahi hata kugusa fainali. Babake huyu mzee alizaliwa, akaoa, akazeeka na kufa ndani ya ukame huo. Kombe lilipokuja Novemba 2016, baada ya miaka 108, watu walimiminika hapa na chaki wakajaza majina kwenye ukuta wa matofali ya nje. Mengi yalikuwa ya marehemu wao. Naye aliandika la babake.

Nikatafsiri. Mama akanyamaza kidogo. "Mwambie pole. Mwambie Mungu amrehemu babake." Mzee akavua kofia. Mama akafungua mkoba akampa kashata ya nazi.

Sasa, wageni siku hiyo walikuwa St. Louis Cardinals, mahasimu wa tangu enzi. Awamu ya sita jamaa wao mmoja akapiga mpira, na mlio ule tu ukamfanya kila mtu asimame. Niliuona ukipanda. Niliuona ukishuka. Nilichoshindwa ni kuona kwamba unashukia kwenye ile nafasi yangu ya adabu.

Ulitua kwenye sinia. Jibini ilinijia yote, usoni, kifuani, sikioni. Soda ikafuata. Mpira wenyewe ukadunda juu, ukashuka taratibu kwenye mapaja ya mama mkwe, juu ya maandishi MPAJI NI MUNGU.

Mama hakutaharuki. Aliuokota, akaufuta jibini, akaugeuzageuza. Ni mshona kofia, vito na bulibuli, hivyo macho yakaenda moja kwa moja kwenye uzi mwekundu. "Hii kazi ya mkono," akasema. Ni kweli, na mishono ni 108, jambo ambalo mashabiki wa Cubs hawachoki kukukumbusha. Akaufunga kwenye pindo la kanga, akapiga fundo mbili, akauchomeka kiunoni.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Wrigley kuna desturi: homrani ya adui haikai na shabiki, inarudishwa uwanjani. Benchi zima likawa linaimba, "Urushe! Urushe!" Na kwa vile mama alikuwa katulia kama yuko barazani kwake, wakaamua mwizi ni mimi, yule mwenye jibini. Wakaninyooshea vidole. Mtoto mdogo akanizomea.

"Mama," nikasema, "wanaomba mpira urudishwe."

"Wameupoteza wao?"

"Hapana, ila desturi yao..."

"Baba Salma, mtu kakaa kitako kashona mishono yote hii, halafu watu wazima wanataka utupwe? Nampelekea Salma."

Ningefanyaje? Jamani, pindo la kanga ya mama mkwe, kiunoni! Kuna sehemu duniani ambako mkono wa mkwe haufiki hata uwanja uungue.

Mzee wa kofia akaniinamia kwa siri. Wazoefu wa mabenchi haya huja na mpira mkuukuu mfukoni. Ukipata wa adui unauficha, unarusha mkuukuu, unashangiliwa, na nyumbani unaenda na mali. Akautoa wake, umechakaa na kuingia rangi ya chai, akamkabidhi mama huku akionyesha kwa ishara: rusha huu.

Mama akaupokea kwa mikono miwili. "Ahsante, baba." Akaufunga kwenye pindo la pili.

Kelele zikapanda. Simu ikalia, mke wangu, kapumzika kidogo kazini na televisheni iko wazi. "Mbona watu wanakuzomea?" Nikakata. Nikageuka kwa mama, nikatupa karata ya mwisho.

"Mama, aliyepiga huu mpira si wa timu yetu. Ni wale. Ni kama African Sports kwa Coastal."

"Nani?"

"African Sports, mama."

Sijawahi kuona fundo likifunguliwa upesi hivyo. "Na mimi nimewafungia kiunoni kwangu! Hebu nipishe!" Akapanda juu ya benchi, mguu mmoja mbele, kiwiliwili kikageuka upande. Hapo nikakumbuka binti yake aliwahi kuniambia mamake kwenye rede alikuwa hakosi mtu. Mpira ulipita juu ya ukuta wa majani, ukadunda kwenye nyasi, mchezaji aliyekuwa kaegemea pale akaruka pembeni.

Uwanja ulilipuka. Watu nisiowajua walinikumbatia, jibini na yote. Mzee tu ndiye kashika kichwa kwa mikono miwili: mama alikuwa karusha ule wa kweli, na mkuukuu umebaki kwenye pindo.

Akaniomba niseme neno. Nikasema.

"Cha adui nimerudisha," mama akajibu, "cha zawadi hakirudishwi. Mpe kashata nyingine."

Mzee akaipokea, akacheka mpaka akakohoa.

Kwenye treni watu waliniachia siti tatu kila upande kwa harufu. Simu ya mke wangu ilikuwa na ujumbe mmoja: *Nilisema asiboreke. Nani kampandisha mama yangu kwenye benchi?* Mama mwenyewe alikuwa anatazama dirishani, mkuukuu kaupakata.

"Baba Salma, hawa African Sports wanaondoka lini?"

Nikamweleza kwamba besiboli timu ikija inacheza siku kadhaa mfululizo. Kesho wapo tena.

"Basi kata tiketi," akasema. "Na wewe uje na shati la kubadilisha."